UZI: Mashairi ya mapenzi ya Ufaransa ya kale kwa Kiingereza cha leo, ukitupa vina na kibwagizo umebaki na nini?

MwanaVina (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Kuna jambo linanikaa rohoni muda sasa, nalo ni yale mashairi ya mapenzi yaliyokuwa yanatungwa na kuimbwa kwenye makasri ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1100 mpaka 1400 na kitu, na namna yanavyogeuzwa kuwa mashairi ya Kiingereza cha leo. Wengi wetu tunakutana nayo kwa Kiingereza tu, maana Kifaransa cha enzi zile hata Mfaransa wa leo kinamtoa jasho. Na nimeshawasikia watu wengi, tena wasomaji wazuri kabisa, wanasema mashairi yale yote ni yale yale: baridi imeisha, ndege wanaimba, jamaa anampenda mke wa bwana mkubwa, bibie hataki hata kumtazama, jamaa anasema atakufa, basi.

Mimi nasema wako sahihi kuhusu maudhui na wamekosea kuhusu mashairi. Maudhui ni yale yale kweli na watunzi walijua hivo, wasikilizaji nao walijua. Mtu wa kasri hakukaa pale asikie habari mpya, alikaa asikie habari anayoijua imefungwa vipi safari hii, vina gani, kibwagizo kinarudi kikiwa na uzito gani mara ya tatu ambao mara ya kwanza hakikuwa nao. Kwahiyo mtafsiri akichukua maana akaacha umbo, amechukua kile kitu ambacho mashairi mia yote yanacho, akaacha kile ambacho shairi hili tu linacho. Ndo hoja yangu, naomba nitiririke.

Historia kwa kifupi. Kusini mwa Ufaransa walikuwa wanaongea lugha ya Oc na watunzi wao ndo wale trubaduri, kaskazini walikuwa truveri na lugha yao ndo iliyozaa Kifaransa cha leo. Trubaduri wa kwanza ambaye mashairi yake tunayo mkononi ni Guilhem wa 9, mtawala wa Aquitaine (1071–1126). Mjukuu wake ni yule Eleanor aliyeolewa na mfalme wa Ufaransa, wakaachana, akaolewa na Henry aliyekuja kutawala Uingereza mwaka 1154. Na binti yake Eleanor, Marie wa Champagne, ndo aliyempa mtunzi Chrétien de Troyes kisa cha mapenzi cha shujaa Lancelot akitunge. Sasa angalieni kitu hapo, kasri la Uingereza tangu 1066 lilikuwa linaongea Kifaransa, yani sehemu ya haya mashairi tunayoyaita ya Kifaransa ilisomwa na hata kutungwa ndani ya Uingereza yenyewe. Kuyapeleka Kiingereza ni kama kuyarudisha chumba cha pili cha nyumba ile ile.

Tuje kwenye umbo maana hapa ndo pana nyama. Mpaka miaka ya 1300 na 1400 kaskazini walikuwa na aina zao zenye kanuni kali, rondo, virele na baladi, na bingwa wa kuzisimamisha ni Guillaume de Machaut ambaye alikuwa mshairi na mtunzi wa muziki kwa pamoja. Baladi ina beti tatu, mara nyingi na kipande kifupi cha mwisho cha kumwelekea mwenye cheo, kila ubeti unaishia na kibwagizo kile kile, na vina vya ubeti wa kwanza vinaendelea mpaka mwisho wa shairi. Watu wa mashairi humu mshaelewa, huo ni mtiririko. Baladi ya mishororo 28 kwa mpangilio wao wa kawaida inataka maneno 14 ya kina kimoja! Kumi na nne. Kwa Kifaransa inatoka bila kulia. Kwa Kiingereza jaribu uone.

Na hili sio lalamiko la kisasa. Chaucer mwenyewe, baba wa ushairi wa Kiingereza, alizigeuza baladi za Oton de Grandson, yule shujaa wa Savoy aliyekuja kufa kwenye pambano la upanga mwaka 1397, na mwishoni akaandika kabisa ndani ya shairi kwamba kazi ilikuwa adhabu kubwa kwake, *"Syth rym in Englissh hath such skarsete"*, kwa sababu vina kwa Kiingereza ni adimu mno. Pamoja na hivo hakurukia nathari! Alibeba baladi, akapunguza zilizokuwa tano zikawa tatu, akambadilisha msemaji kutoka mwanamume kuwa mwanamke, lakini vina na kibwagizo akavishika. Hebu fikirieni alichokiona kinafaa kuachwa na alichokiona hakiachiki.

Naendelea baadae, karibuni.

msomaji_mkimya

Mkuu nipo hapa tangu mwanzo. Swali la mtu asiyejua: kwanini kina kiwe adimu kwa Kiingereza? Si maneno ni mengi kuliko lugha nyingi tu?

MwanaVina

Swali zuri sana ndugu. Wingi wa maneno hausaidii, kinachosaidia ni miisho. Sisi kwa Kiswahili kina ni silabi ya mwisho, ukitaka -ni una karibu kila neno la mahali na kila amri ya wengi, ukitaka -wa una vitenzi vyote vya kutendwa. Kifaransa cha kale nacho kilikuwa na utajiri wa aina hiyo, kina vitenzi vyenye miisho inayojirudia, -er, -oye, -ee, mshairi anaokota tu. Kiingereza miisho yake mingi ilishapukutika, halafu kina chao kinataka sauti ifanane kuanzia kwenye vokali yenye mkazo mpaka mwisho wa neno, silabi ya mwisho peke yake haitoshi.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo. Angalia msamiati wenyewe wa mapenzi ya kasri: amour, dolour, honour, valour, douçour. Mapenzi, maumivu, heshima, ubora wa mtu, utamu. Yote yanaishia pamoja! Yani lugha yenyewe ilishayaweka mawazo yale kwenye foleni moja, mtunzi akisema mapenzi sikio la msikilizaji tayari linasubiri maumivu au heshima. Sasa njoo kwa Kiingereza, *love* ina *dove*, *glove*, *above* na *shove*. Njiwa, glovu, juu na kusukuma. Ndo maana karne zote mapenzi ya Kiingereza yamejaa njiwa.

Halafu mizani. Wafaransa walihesabu silabi kama sisi, na ile e ya mwisho ilitamkwa, *dame* ilikuwa silabi mbili, da-me, hasa kwenye kuimba. Waingereza wao wanasikiliza mapigo, mkazo umeangukia wapi. Kwahiyo mtafsiri anahama kutoka mfumo wa kuhesabu kwenda mfumo wa kupiga, na hapo hata kabla ya maana ameshapoteza kitu.

dada_wa_maktaba

Nakuheshimu MwanaVina lakini sikubaliani. Mimi nimefanya kazi na vitabu maisha yangu yote na tafsiri za vina ndo zinazonidanganya kuliko zote. Mtafsiri akishaamua lazima neno liishie na sauti fulani anaanza kuweka vitu ambavyo mtunzi hakusema. Mfano uko wazi, mshairi Mwingereza Rossetti na tafsiri yake ya ile baladi ya mabibi wa zamani ya Villon, mshairi Mfaransa wa miaka ya 1400, tafsiri iliyochapishwa 1870. Kifaransa kinasema Thaïs alikuwa binamu wa damu wa yule mwingine, *"Qui fut sa cousine germaine"*. Rossetti kaandika *"Neither of them the fairer woman"*, yani hakuna aliyemzidi mwenzake uzuri. Binamu kaenda wapi? Kaliwa na kina, maana alihitaji *woman* ikae na *Roman* na *human*. Bora nathari safi inayoniambia kilichosemwa, muziki nitausoma upande wa Kifaransa.

MwanaVina

Dada hoja yako ni nzito na mfano ni wa kweli kabisa. Ila tuuangalie wote mpaka mwisho. Villon kwenye baladi ile kashika kina cha -aine mara zote 14. Rossetti aliona haiwezekani, akabadilisha vina kila ubeti, mtiririko ukawa ukaraguni, isipokuwa kile kina cha kibwagizo alichokilinda mpaka mwisho. Na kibwagizo chenyewe, theluji za mwaka jana ziko wapi, alitafuta neno ambalo Kiingereza hakikuwa nalo akaunda *yester-year*, na leo Waingereza wanalitumia hawajui lilikotoka. Sasa nikuulize, nani anamkumbuka yule binamu? Kwa Kifaransa hakuna. Yule binamu hata kwa Villon yupo pale kwa ajili ya kina! Kilichobeba shairi ni lile swali linalorudi kila ubeti, na hilo Rossetti alilipata.

Kwahiyo sisemi lazima vyote vibaki. Nasema mtafsiri ajue nguzo iko wapi. Shairi moja nguzo ni kibwagizo, jingine ni neno linalojirudia, jingine ni kina cha mishororo miwili tu.

Na kwenye visa virefu vya Chrétien mjadala wenu wa nathari na ushairi ulishafanyika kwa vitendo. Chrétien ametunga kwa mizani 8, vina viwili viwili, maelfu ya mishororo. Ruth Harwood Cline alichukua njia ngumu, akakigeuza *Yvain*, kimoja cha visa hivyo, mwaka 1975 kwa vina viwili viwili na mizani ile ile. Burton Raffel akaja na *Yvain* yake 1987, akatupa vina, akatumia mshororo wa mapigo matatu wenye silabi zinazopanuka na kusinyaa. Nimesoma zote kwa sauti. Kwa Raffel unakimbia na kisa vizuri sana, mazungumzo yana uhai, lakini ule mchezo wa Chrétien wa kumalizia wazo katikati ya vina viwili, nusu huku nusu kule, ambao unakufanya ucheke na mhusika, umepotea. Kwa Cline kuna mahali sentensi imekunjwa mpaka inauma, lakini ule mchezo unausikia. Mimi nipo na Cline, najua wengi watanipinga.

PwaniTena

Assalam aleikum ndugu zangu. Uzi mtamu. Mimi ni mtu wa qasida na nyimbo za zamani, nimesoma hapa nikasema lakini haya mambo ya mpenzi asiyefikika na vina vya kurudi si yalikuwepo Andalusia, Uhispania ile ya Waarabu, kabla? Ibn Hazm wa Cordoba aliandika kitabu kizima kuhusu mapenzi huko miaka ya 1020, muwashaha na zajali, zile aina za mashairi ya kuimba ya huko, zina vibwagizo. Halafu huyo Guilhem jirani yao. Hawa Wafaransa hawakuchukua huko?

MwanaVina

Wa aleikum salaam kaka. Wasomi wanabishana hilo kwa vizazi na halijaisha. Kufanana kupo, hasa zajali na baadhi ya nyimbo za Guilhem, mishororo mitatu ya kina kimoja na wa nne unageuka. Na ukaribu ulikuwepo, baba yake Guilhem alipigana Barbastro kule Uhispania mwaka 1064. Kinachogomba ni njia yenyewe, nani alimfundisha nani kwa lugha gani. Ila kwa mtafsiri somo lipo: muwashaha nayo ukiitoa kibwagizo inakufa, wewe wa qasida unalijua hilo kuliko mimi.

MwanaVina

Narudi kwenye mfano niliokuwa nausubiria. Marie de France, yule mama wa karne ya 12 aliyetunga lais, visa vifupi vya mapenzi vya mizani 8. Hati ya Harley 978 iliyopo British Library ina visa 12. Kifupi kuliko vyote kinaitwa *Chevrefoil*, mishororo 118 tu. Tristan amefukuzwa kwa kumpenda malkia, malkia anapita msituni, Tristan anachonga jina lake kwenye fimbo ya mti wa heizeli aiweke njiani malkia aione. Wao ni kama heizeli na ule mmea unaojiviringisha, ukivitenganisha vyote vinakufa. Halafu linakuja hili:

*Bele amie, si est de nus:*
*ne vus sanz mei, ne jeo sanz vus.*

Mpenzi mzuri, sisi ndo tuko hivyo: si wewe bila mimi, wala mimi bila wewe. Sasa sikilizeni kina. *Nus* na *vus*. Sisi na wewe! Neno la "sisi" limefungwa na neno la "wewe" kwa sauti, na mshororo wa pili umeanza na *ne vus* ukaishia na *vus*, mimi niko katikati nimezungukwa. Ule mmea umejiviringisha ndani ya mishororo yenyewe. Nathari itakuambia maana yote bila kukosea neno hata moja na hutopata hiki kitu hata chembe.

Kwa Kiingereza *us* na *you* havina kina. Nimekuwa nahangaika na hii mishororo miwili, nilipofika ni hapa:

*My love, so is it with us two:*
*not you without me, nor I without you.*

Nimeipata *two* na *you*, na "sisi wawili" ni karibu na "sisi". Na *you* imezunguka pande zote mbili kama kwa Marie. Shida ni mizani, wa kwanza una 8, wa pili una 10, kwa sababu Kifaransa *sanz* ni silabi moja na *without* ni mbili na inakuja mara mbili. Mwenye wazo atupie.

dada_wa_maktaba

Hapo umenishika kidogo, huo mfano sikuwahi kuuona hivyo. Lakini kwanini usipanue wa kwanza uwe 10 zikalingana? *"My lovely friend, so stands it with us two"*. Nimehesabu ni 10.

MwanaVina

Dada!! Hiyo nzuri, na *lovely friend* iko karibu zaidi na *bele amie* kuliko yangu. Ninachoogopa ni kwamba kisa kizima kikiwa kinatembea kwa 8 halafu hapa tu tukasimama kwa 10, msomaji atasikia mabadiliko. Ila labda ni sawa asikie, hapa ndo moyo wa kisa. Nitaijaribu.

msomaji_mkimya

Wanawake walikuwa wanatunga pia? Nilidhani ni wanaume wanalilia wanawake tu.

MwanaVina

Walitunga, tena vizuri sana. Kusini kulikuwa na watunzi wa kike, Comtessa de Dia wimbo wake mmoja umetufikia mpaka na melodi yake. Na wa kaskazini ninayemuona juu ya wengi ni Christine de Pizan. Alizaliwa 1364, akafiwa na mume akiwa na miaka 25, ana watoto na mama mjane wa kulisha, akaanza kuandika. Alichukua baladi, chombo cha wanaume wanaojifanya wanakufa kwa mapenzi, akakitumia kuomboleza mtu aliyekufa kweli. Baladi yake ya kumi na moja kwenye mkusanyo wa mia moja:

*Seulete suy et seulete vueil estre,*
*Seulete m'a mon doulx ami laissiee…*

Na inaendelea hivyo, karibu kila mshororo wa shairi zima unaanza na *seulete*. Niko peke yangu, niko peke yangu, niko peke yangu, mpaka unataka kumwambia inatosha mama. Neno lenyewe linakuambia ni mwanamke na lina kale kadogo mwishoni, ka-mpweke. Kiingereza hakiwezi lolote kati ya hayo mawili, na sitapoteza nguvu hapo. Nguzo hapa ni kujirudia mwanzoni. Kwahiyo kwa shairi hili mimi, mtu wa vina, naviachia vina viende:

*Alone am I, alone I wish to be,*
*Alone my gentle love has left me now,*
*Alone am I, no mate, no lord by me,*
*Alone am I, in anger and in grief…*

na kibwagizo *"Alone am I, left here without my love"*. Kina kikija chenyewe kama hapo juu *be* na *me*, karibu. Kisipokuja sikilazimishi, maana nikikilazimisha nitaanza kumwekea Christine machozi ambayo hakuyasema, na yeye amesema kahuzunika na KAKASIRIKA, *dolente et courrouciee*. Nimeona watu wanaifuta ile hasira ili mjane awe mpole. Hapana. Mjane kakasirika, iacheni ikae.

PwaniTena

Hii ya Christine imenigusa kaka. Kwetu mashairi ya kilio yapo ya namna hiyo, neno moja linarudi mpaka wasikilizaji wanaanza kulisema pamoja na mwimbaji.

dada_wa_maktaba

Sasa MwanaVina unaona mwenyewe, umeachia vina. Kwahiyo mwishowe umekuja upande wangu nusu njia. Nikuulize swali la mwisho: nani alimpa mtafsiri ruhusa ya kuchagua nguzo ni ipi? Mtunzi yuko kaburini. Rossetti kachagua, Chaucer kabadilisha hadi jinsia ya msemaji. Mimi naona ni ujasiri uliopitiliza.

MwanaVina

Dada swali hili ndo lililonifanya nifungue uzi, maana yupo mtunzi mmoja ambaye alijitafsiri mwenyewe, na tunaweza kumtazama akichagua.

Charles, mtawala wa Orléans. Alikamatwa kwenye vita vya Agincourt tarehe 25 Oktoba 1415, ana miaka 20, akakaa mateka Uingereza miaka 25, ngome hii anahamishiwa ile, mpaka 1440 ndo karudi kwao. Mke aliyemwacha Ufaransa, Bonne, alifariki yeye akiwa bado mateka. Muda wote huo alikuwa anatunga baladi kwa Kifaransa, na Kiingereza akakijua. Kuna hati, Harley 682, ina mashairi ya Kiingereza ambayo mengi ni yale yale ya kwake ya Kifaransa yamegeuzwa, na wataalamu wengi wanakubali aliyegeuza ni yeye mwenyewe.

Chukua baladi hii. Kifaransa:

*En la forest d'Ennuyeuse Tristesse,*
*Un jour m'avint qu'a par moy cheminoye,*
*Si rencontray l'Amoureuse Deesse*
*Qui m'appella, demandant ou j'aloye.*

Kwenye msitu wa Huzuni ya Kuchosha, siku moja nilikuwa natembea peke yangu, nikakutana na mungu wa kike wa Mapenzi, akaniita akaniuliza naenda wapi. Anamjibu kwamba Bahati imemtupa uhamishoni kwenye pori hilo zamani sana, na kwamba ana haki ya kuitwa, kibwagizo hicho, *L'omme esgaré qui ne scet ou il va*, mtu aliyepotea asiyejua aendako. Angalieni vina: *cheminoye, aloye, estoye, povoye*. Ni miisho ya vitenzi tu, ile niliyowaambia anaokota.

Kiingereza chake:

*In the forest of Noyous Hevynes*
*As I went wandryng in the moneth of May,*
*I mette of Love the myghti gret goddes*
*Which axid me whithir I was away.*

Mnaona? "Siku moja" imekuwa mwezi Mei! "Peke yangu" imeondoka. Mungu wa kike ameongezewa "mwenye nguvu, mkubwa". Kwa sababu Kiingereza hakina -oye, ana *May*, *away*, *convey* na *may*, basi shairi likahamia Mei. Mpangilio wa vina ni ule ule kabisa, a b a b b c b c. Na kibwagizo: *"The man forlost that wot not where he goth."* Neno kwa neno. Mtu aliyepotea, asiyejua, aendako. Hicho hakukigusa.

Huyu ni mwenye shairi, dada. Msitu ni wake, mateka ni yeye, marehemu ni mke wake. Alikuwa na uhuru wote wa kushika kila taarifa na kutupa vina. Alitupa taarifa ndogo akashika vina, na kibwagizo akakibeba mzima. Mimi ruhusa yangu naichukua kwake.

dada_wa_maktaba

Nimeisoma mara mbili. Ushahidi ni mzuri, siwezi kubisha kwamba alifanya hivyo. Ila nabaki na neno moja. Yeye aliweka Mei kwa sababu ni yake. Mtafsiri wa leo akiweka Mei ambayo haipo, ni ya nani?

MwanaVina

Hapo tunakubaliana. Mimi Mei nisingeiweka. Vina vya karibu karibu leo Kiingereza kinavikubali, sauti mbili zinazofanana nusu, kitu ambacho kwa Charles kisingepita, na kwa kutumia hivyo naweza kubaki na "siku moja" na "peke yangu" na mpangilio wake bado ukasikika. Na Kifaransa kikae ukurasa wa kushoto, Kiingereza kulia, mtu anayetaka kunikagua anikague.

Kinachonipa shida bado ni wahusika wale wa kisitiari, hasa Dangier. Kwenye *Roman de la Rose*, lile shairi refu la kisitiari la mapenzi la Guillaume de Lorris la miaka ya 1230, Dangier ni jitu kali lenye rungu linalolinda waridi, na kwa Charles yupo kila kona anamzuia asimfikie bibie. Ukiandika *Danger* kwa Kiingereza cha leo msomaji anaona kibao cha umeme. Ukiandika *Refusal* limekuwa neno la ofisini, na rungu halipo. Chaucer aliliacha *Daunger* kwa sababu wakati wake lilikuwa bado lina maana ile ya zamani.

PwaniTena

Mlinzi wa mlango kaka. Si anakaa mlangoni na rungu? Mwite kwa kazi yake.

MwanaVina

*Gatekeeper*… silabi tatu, mkazo mwanzoni, inakaa kwenye mshororo wa mapigo matano bila shida. Na herufi kubwa mbele ili ijulikane ni mtu. Naenda kuijaribu kwenye zile baladi anazomtaja, nitarudi kuweka ubeti mzima hapa, dada aukague.